Kabla ya Kuuliza Bei, Lipime Majini

Jiwe lolote la buluu likishavuka Makupa kuingia kisiwani Mombasa huwa lina jina tayari. Ni tanzanaiti. Likiwa limekolea rangi sana, basi ni yakuti samawi, au safaya kama wanavyoiita madalali. Watu hunijia na mawe wakiwa wamekwisha kuyapa majina, na nyuma ya jina huja bei, na nyuma ya bei huja mipango: kiwanja Mtwapa, karo ya mtoto, deni la hospitali. Ndiyo maana jambo hili silichukulii kwa wepesi. Mtu anayekunjua kitambaa mbele yako na kutoa jiwe huwa ametoa pia tumaini alilolibeba kwa miaka.

Nimekulia katika karakana za masonara wa Mji wa Kale. Kazi kubwa pale ni dhahabu, lakini moyo wangu ulikwenda kwenye mawe, hasa yale ghafi ambayo bado yana udongo wa kwao. Na baada ya kushika mengi, neno langu limebaki moja: jiwe la buluu lisipewe jina kabla halijapimwa majini, na lisiulizwe bei kabla halijapata jina. Watu wengi huanzia mwisho, na hapo ndipo wanapoumia. Anayeamini ana tanzanaiti hukataa bei ya haki ya kianiti, jiwe jingine la buluu la bei ya chini zaidi, akakaa na jiwe sandukuni mpaka wajukuu wanalirithi. Naye mwenye yakuti ya kweli asiyeijua huitoa kwa bei ya kokoto.

Rangi ni shahidi dhaifu. Buluu ya yakuti samawi hutokana na chembe kidogo za chuma na titaniamu zilizoingia ndani ya korandamu, madini ambayo yakiwa safi hayana rangi kabisa. Kianiti hupata buluu yake kwa chuma na titaniamu hizohizo. Tanzanaiti huipata kwa vanadiamu. Kwa hiyo macho yakikuambia kwamba mawe mawili yanafanana, kuhusu rangi yamesema kweli. Kuhusu jina hayajasema lolote.

Rangi imewapoteza hata wakubwa. Lile jiwe jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, wanaloliita Black Prince's Ruby, si yakuti nyekundu bali ni spineli. Ilikuwa mwaka 1783 ndipo Mfaransa Jean-Baptiste Romé de l'Isle alipozitenga spineli na yakuti kama madini mawili tofauti. Mwaka 1907, kule California, waliopata fuwele za benitoaiti, jiwe jingine la buluu, walidhani wameokota yakuti samawi. Na hapa kwetu, fuwele za buluu zilipoonekana Merelani, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1967, mtafutaji madini Manuel d'Souza naye alidhani mwanzoni kwamba ni yakuti. Uchunguzi ndio uliosema ni zoisaiti, madini mengine kabisa, na mwaka 1968 kampuni ya Tiffany & Co. ikaipa jina la tanzanaiti. Jiwe ambalo leo kila jiwe la buluu huitwa kwa jina lake, lenyewe lilianza kwa kuitwa jina la jiwe jingine.

Sasa, sisi wa Mombasa tuko karibu na mawe kuliko wengi wanavyojua. Ukishika barabara ya Nairobi, ukapita Mariakani na Maungu, ukifika Voi uko mlangoni mwa miamba ya kale ambayo wanajiolojia huiita Ukanda wa Msumbiji. Miamba hiyo ilikandamizwa na kupikwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ndiyo iliyozaa tsavoraiti, kito cha kijani, ambayo mwanajiolojia Campbell Bridges aliipata Tanzania mwaka 1967 na baadaye akaipata tena Taita Taveta. Ndiyo iliyozaa rubi, yaani yakuti nyekundu, za Mangare, na ndiyo iliyozaa kianiti. Katika Kilima cha Murka, huko huko Taita Taveta, kianiti ilichimbwa kwa ajili ya viwanda katikati ya karne iliyopita, kwa sababu ikichomwa kwa moto mkali hugeuka kuwa mulaiti, kitu kinachovumilia joto la tanuri. Yakuti samawi za Kenya zinazojulikana zaidi hutoka mbali na huku, Garba Tula katika kaunti ya Isiolo, kwenye miamba ya asili ya volkano, na nyingi ni za buluu nzito, kijani au manjano.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mwenye jiwe huwa ni limetoka wapi, na lilikuwa limekaa kwenye mwamba gani. Anayenijibu Mwatate, kule Taita, na anayenijibu Isiolo hawanipeleki njia moja. Anayenijibu "nimeuziwa sokoni Kongowea" hanipeleki popote, lakini angalau najua nianze kwa kutafuta mapovu ndani yake, dalili ya kioo.

Nitaeleza kwa jiwe moja, kwa sababu lilipita karibu kila hatua ninayotaka kuizungumzia. Aliniletea mama mmoja anayeishi Changamwe, kwao ni Mwatate.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na tanzanaiti ya marehemu."

Mumewe aliwahi kuchimba Taita miaka ya nyuma, na jiwe hilo alikataa kuliuza mpaka alipofariki. Dalali mmoja alikuwa amemwambia mama lina thamani ya mamilioni, ila kwanza atoe pesa ya cheti. Mwingine akamtolea elfu moja na kumwambia ni kokoto la kujengea. Bei mbili hizo zilikuwa zimemnyima usingizi.

Alikunjua leso. Jiwe lilikuwa na urefu wa kidole gumba, bapa, na mistari myembamba iliyonyooka kutoka ncha moja hadi nyingine. Buluu ilikuwa imekolea katikati, ikafifia kuelekea kingoni mpaka karibu kuwa nyeupe. Upande mmoja lilikuwa bado limeshika kipande cha kwatzi chenye vumbi linalometameta la maika, madini ya vigamba vyembamba. Ncha moja ilikuwa imevunjika zamani, na pale palipovunjika palikuwa pamepasuka ngazi kwa ngazi, kama mbao inayofuata nyuzi zake.

Umbo husema mengi kabla hujagusa chombo chochote. Yakuti huota ikiwa na pande sita, mara nyingi nene katikati na nyembamba kwenye ncha mbili, na kwenye uso wake wa mwisho unaweza kuona pembetatu ndogo ndogo kwa lenzi. Katika mawe mengine yanayoweza kuwa ya buluu, akwamarini ni nguzo iliyonyooka ya pande sita. Spineli, ikikua bila kubanwa, ni piramidi mbili zilizounganishwa kitako. Fluoraiti ni mchemraba. Tanzanaiti ni nguzo yenye mistari ya urefu, na hiyo mistari ndiyo inayowachanganya watu na kianiti. Lakini kianiti hupenda kuwa bapa, na hupenda kuota pamoja na kwatzi na maika. Jiwe lililosagwa na mto hupoteza ushahidi huu wote, na hapo huna budi kutegemea vipimo.

Nilimwomba ruhusa nijaribu sindano ya chuma kwenye ile ncha iliyovunjika. Nikikwaruza kwa urefu wa jiwe, ncha ya sindano ilizama kidogo na kuacha unga mweupe. Nikikatisha kwa upana, sindano ileile iliteleza bila kuacha alama. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, kianiti huwa 4.5 hadi 5 ukifuata urefu wake na 6.5 hadi 7 ukikatisha. Miongoni mwa mawe ya buluu yanayoweza kukufikia mkononi, hakuna jingine lenye tofauti kubwa namna hiyo. Tafadhali lakini, usichukue sindano ukaanza kukwaruza nyuso nzuri za jiwe la mtu. Tanzanaiti ni kati ya 6 na 7 na ina upande mmoja inaopasuka kwa urahisi mno. Nimeona jiwe likigawanyika kwa sababu mnunuzi alitaka kulijaribu kwa wembe. Jaribio la kukwaruza lifanyike penye kovu la zamani tu, na mwenye jiwe akiwa ameridhia.

Tukaingia kwenye maji, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hiki ndicho kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya nyumbani na ambacho hakuna dalali anayeweza kubishana nacho.

Unahitaji mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi 0.01 ya gramu, glasi ya maji na uzi mwembamba. Mimi hutumia uzi wa mshipi, ule mwembamba kabisa wanaouza kwa ajili ya kuvulia changu, kwa sababu haunywi maji. Kwanza pima jiwe kavu. La mama yule, baada ya kukibandua kile kipande cha kwatzi kilichokuwa kimelegea, lilikuwa gramu 9.18. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi, lizamishe lote majini huku umeushika uzi juu, na hakikisha haligusi sakafu wala ukuta wa glasi. Mizani itasoma namba ndogo. Namba hiyo ni uzito wa maji ambayo jiwe limeyasukuma. Gawa uzito wa jiwe kavu kwa namba hiyo, nawe umepata densiti, yaani jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji ya ujazo huohuo.

Mizani ilisoma 2.52. Gawa 9.18 kwa 2.52, unapata 3.64. Lingekuwa tanzanaiti, ambayo densiti yake ni karibu 3.35, mizani ingesoma 2.74. Lingekuwa yakuti, yenye densiti ya karibu 4.00, ingesoma 2.30 hivi. Aiolaiti, ambayo nayo huuzwa sana kwa jina la tanzanaiti, ni nyepesi mno, karibu 2.6, na jiwe la uzito ule lingesukuma maji ya gramu 3.5. Tofauti hizo si za kubahatisha. Zinaonekana wazi kwenye kioo cha mizani, na mama mwenyewe aliziona.

Kuna mambo ya kuchunga. Mapovu ya hewa yakinata kwenye nyufa, jiwe huonekana jepesi kuliko lilivyo. Tone moja la sabuni ya vyombo na kulisugua jiwe kwa brashi laini huyaondoa. Kipande cha mwamba kikiwa bado kimeshika, unapima mwamba na kito kwa pamoja, na jibu halina maana. Na kwetu Mombasa kuna jambo la ziada: visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji baridi kwa takriban asilimia 2.5. Lile jiwe la mama ningelipima kwenye maji ya bahari bila kujua, lingenipa 3.55, na hapo ningeanza kuwaza topazi. Tumia maji ya mvua au ya chupa.

Jambo la mwisho kuhusu mizani ni ukubwa wa jiwe. Likiwa chini ya gramu moja, mizani ya 0.01 haitoshi. Tanzanaiti ya gramu 0.60 husukuma maji ya 0.18, na kianiti ya uzito huohuo 0.16 au 0.17. Ukipumua karibu tu, namba imebadilika. Kwa mawe madogo nenda kwa mwenye mizani bora au mwenye refraktometa, chombo kinachopima namna jiwe linavyopinda mwanga. Kwa jiwe lililokwisha kukatwa na kusuguliwa, refraktometa ndiyo inayonipa imani zaidi: yakuti husoma 1.76 hadi 1.77, tanzanaiti karibu 1.69 hadi 1.70. Jiwe ghafi halina uso laini wa kukalia kwenye chombo hicho, ndiyo maana maji hubaki kuwa rafiki wa anayeshika ghafi.

Densiti ya 3.64 peke yake haikuwa imemaliza kazi. Spineli ni 3.60, na topazi huwa 3.5 na ushei. Tukafungua laptopu. Mwanga unaotoka kwenye kioo cha laptopu nyingi huwa umekwisha kuchujwa ukaelekea upande mmoja, na hiyo ni zawadi kubwa kwa anayechunguza mawe. Unafungua ukurasa mweupe mtupu, unashika jiwe mbele yake, unaangalia mwanga unaopita ndani yake, kisha unalizungusha taratibu. Jiwe la mama lilianza na buluu nzito yenye zambarau kidogo, na nilipolizungusha robo ya mzunguko likapauka hadi karibu kuwa maji matupu. Spineli haiwezi kufanya hivyo. Kioo cha chupa hakiwezi kufanya hivyo. Wala fluoraiti. Hayo yana rangi moja tu, uyageuze utakavyo.

Jaribio hili ni zuri zaidi kwa tanzanaiti ambayo haijachomwa, kwa sababu ina rangi tatu: ukiitazama upande mmoja ni buluu, mwingine zambarau, na wa tatu huleta hudhurungi yenye wekundu. Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini zikiwa na hudhurungi hiyo, na hupashwa moto wa nyuzi 500 hadi 600 hivi za selsiasi ili iondoke. Aiolaiti nayo hujitangaza hata bila laptopu: upande mmoja ni buluu ya zambarau, ukiigeuza inakuwa na umanjano hafifu au haina rangi. Mtu aliyewahi kuiona mara moja hadanganyiki tena.

"Kwa hiyo si tanzanaiti," mama akasema.

"Hapana, mama. Ni kianiti."

"Basi ni bure."

"Si bure. Ni kianiti nzuri. Tuiangalie ina thamani gani."

Kabla ya kuendelea na thamani, nigusie vitu viwili vinavyonichoma. Cha kwanza ni kioo. Vipande vya kioo cha buluu vilivyosagwa na bahari, au mabonge ya kioo cha kiwandani, huuzwa kwa watu wasiojua kwa bei za kusikitisha. Kwa lenzi inayokuza mara 10 utaona mapovu ya duara, na palipovunjika pana mawimbi laini. Cha pili ni yakuti ya kutengenezwa. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kuyeyusha unga na kuotesha korandamu kwa moto, na njia hiyo inatumika mpaka leo. Wapo wanaovunja vipande hivyo, wakavizungusha na mchanga mpaka vifanane na mawe ya mtoni, kisha wakavipeleka machimboni kabisa na kuvichanganya na ya kweli. Maji hayatakusaidia hapo, kwa sababu ni korandamu kweli na densiti ni ileile. Ndani yake tafuta mistari ya rangi iliyopinda. Yakuti ya ardhini ina mistari iliyonyooka inayokutana kwa pembe. Ukiwa na shaka, maabara. Jiwe kununuliwa machimboni si ushahidi wa chochote.

Turudi kwa thamani. Mwezi Juni 2020 mchimbaji wa Tanzania, Saniniu Laizer, aliiuzia serikali yake mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi za Tanzania bilioni 7.74. Habari hiyo ilifika kila kijiwe cha kahawa, na tangu hapo nakutana na watu wanaogawa bilioni hizo kwa uzito wake, wakapata kama shilingi 539,000 za Tanzania kwa gramu, kisha wakaizidisha kwa uzito wa jiwe lao. Hesabu ni sahihi, ila matumizi yake ni ya hatari. Mawe yale yalikuwa ya ukubwa wa ajabu, ya madini yanayojulikana, yakauzwa mbele ya serikali. Jiwe ghafi la kawaida huuzwa kwa kile kitakachobaki baada ya kukatwa.

Na kinachobaki ni kidogo. Mkataji mzuri akipewa ghafi safi lenye umbo la kumfaa anaweza kubaki na robo au theluthi ya uzito. Lenye nyufa hushuka chini ya hapo. Gramu 9.18 ni karati 45.9, kwa kuwa karati moja ni gramu 0.2, na mama alikuwa ameambiwa azidishe 45.9 kwa bei ya karati ya vito vilivyokwisha kukatwa, ambayo mjukuu wake aliitoa mtandaoni. Hapo ndipo yale mamilioni yalipotoka.

Nilizima taa ya mezani nikaweka tochi nyuma ya jiwe. Nyufa zikajitokeza, nyingi zikikimbia kwa urefu, chache zikikatisha. Theluthi moja tu, upande wa kati, ilikuwa safi kiasi cha kupitisha mwanga bila kuuvunja. Kisha tulilipeleka nje kivulini, juu ya karatasi nyeupe. Rangi ya jiwe itazamwe mchana, kivulini, juu ya kitu cheupe. Duka lenye taa za manjano huivuta tanzanaiti kwenye zambarau, na karatasi ya buluu hulipa jiwe rangi isiyo yake. Ukiona muuzaji hataki ulitoe jiwe kwenye karatasi yake, una haki ya kujiuliza kwa nini.

Ile buluu ya katikati ilikuwa nzuri kweli. Nimeona yakuti za Isiolo zilizouzwa ghali zikiwa hazina uhai huo, kwa sababu zilikuwa zimekolea hadi kuonekana nyeusi. Lakini kianiti ni jiwe gumu kwa mkataji: hupasuka likifuata urefu, na gurudumu linalolisugua upande mmoja hukuta ugumu mwingine upande wa pili. Ndiyo sababu hata kianiti safi ya buluu, yenye rangi inayoikaribia yakuti, huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya yakuti. Kukata jiwe lile kungempa mama vito viwili vitatu vidogo na unga mwingi.

Ushauri wangu ulikuwa asilikate. Wako watu wanaokusanya fuwele zikiwa kamili, na kwao ncha iliyobaki nzima, mistari iliyonyooka na kwatzi iliyoshikamana nayo ni thamani, si uchafu. Bei yake si ya kununulia kiwanja, na nilimwambia hivyo waziwazi. Lakini ilikuwa mara nyingi zaidi ya ile elfu moja ya kokoto. Nilijutia kidogo kile kipande cha kwatzi kilichobanduka, ingawa kilikuwa kinaning'inia tu, na nikamfungia kando aende nacho.

Aliniuliza kama angefanya vyema kulichoma ili rangi ikolee. Hili naulizwa mara nyingi, na jibu ni usichome kitu nyumbani. Ni kweli kwamba karibu tanzanaiti zote sokoni zimechomwa, na kwa hiyo kuchomwa hakuzishushi bei. Kwa yakuti ni tofauti: zinachomwa kwa joto kubwa zaidi, mara nyingi zaidi ya nyuzi 1,500, na ile ambayo haijachomwa, ikiwa na cheti cha maabara, huwa ghali kuliko iliyochomwa ya ubora uleule. Ukiliweka jiwe kwenye jiko la makaa unaweza kulipasua, na unaweza pia kuua sifa ambayo mnunuzi angeilipia.

Upande wa sheria watu hupenda kuupita haraka, nami sitaki. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inaweka madini yote ya Kenya mikononi mwa serikali ya taifa kwa niaba ya wananchi, na mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa serikali kutokana na madini anayotoa, hugawanywa asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi penye machimbo. Biashara ya madini inahitaji leseni, na kulitoa jiwe nje ya nchi kunahitaji kibali. Anayekuambia mkutane gizani Likoni umpe jiwe akakuuzie Dubai anakuingiza kwenye kesi, hata kama jiwe ni halali yako. Voi kuna kituo cha vito kilichojengwa na serikali kwa ajili ya kuthamini, kukata na kuuza, na mtu wa Mombasa anaweza kupanda gari asubuhi akarudi jioni. Nilimwelekeza mama huko, akiwa na karatasi niliyomwandikia: uzito mkavu, uzito wa maji, densiti, rangi mbili tulizoziona kwenye laptopu, na picha zilizopigwa kivulini pamoja na rula. Mali bila daftari huisha bila habari. Akiingia mahali akiwa na karatasi hiyo, mtu wa pili hawezi kumwambia ni kokoto, wala wa tatu kumwambia ni mamilioni.

Kama nawe una jiwe la buluu sandukuni, lipime leo, uandike. Usilipe mtu yeyote pesa ya cheti kabla hujaona maabara yenyewe na risiti yake. Usiache jiwe kwa mnunuzi akalale nalo, hata akiwa mtu wa mtaani kwenu, bila kulipima mbele yake na kumpa namba aitie sahihi. Na ukitaka nilisome, niletee likiwa kavu na kwenye karatasi nyeupe. Usilipake mafuta ili ling'ae, maana mafuta huingia kwenye nyufa na kuzificha, na nitalazimika kukusubirisha mpaka yatoke ndipo tuanze.